Mchanga wa Mjengo

Ndizi tatu zilisahauliwa juu ya friji
zikaingia weusi kama magoti ya mtoto wa kucheza bano.
Ya nne alinipa bure Nyaboke wa kibandani:
"Hii siuzi tena. Iliwe leo, au itupwe."
Sikutupa. Nyumba za Umoja
humfunza mtu kutotupa.

Ovena sina.
Nina sufuria kubwa ya matanga
niliyoazima kwa chama na hakuna aliyeidai,
na jiko la gesi lililoegemea kushoto tangu tulihamishe.
Kilichopungua ni mchanga.

Ng'ambo ya uchochoro wanajenga ghorofa.
Ya kwanza ilinila mwangaza wa asubuhi,
ya tatu ikanila jua la kamba ya nguo,
ya tano sasa inamalizia mbingu.
Nimeshamtukana msimamizi wao, Musyimi,
mara mbili kupitia dirishani
na mara moja kanisani, kimoyomoyo.
Leo nikashuka na beseni.

"Mchanga, tafadhali. Kidogo tu."
"Unajenga nini, mama?"
"Mkate."

Akacheka mpaka wachanganya saruji wakasimama.
Kisha akauchekecha mwenyewe, mara mbili,
akatoa kokoto moja kwa kidole
kama anayechagua mchele wa wageni.

Mchanga sufuriani, kifuniko, moto wa wastani.
Kwenye bakuli, ndizi na uma
hadi zinakoma kuwa ndizi.
Sukari nusu kikombe, kile kisicho na mkono.
Mayai mawili. Mafuta. Chumvi ya ncha za vidole.
Unga na kijiko cha magadi ya kuokea,
kisha kakao, na papo hapo bakuli likageuka rangi
ya ule udongo mweusi waliouchimba Januari
wakitafuta mwamba chini ya dirisha langu.
Hapa usikoroge sana.
Koroga kama unayesikia habari za majirani:
kidogo, halafu uache.

Chokoleti nilimpa Kerubo akatekate.
Vipande kumi na sita viliondoka mezani,
vikafika kumi na kimoja.
Sikuuliza. Midomo yake ilikuwa shahidi.

Bati ndani ya mchanga, jiwe juu ya kifuniko.
Dakika hamsini, nami nimeketi kwenye ndoo
nikisikiliza nyundo.

Harufu haikubisha hodi kwa mtu.
Ilitoka dirishani, ikavuka uchochoro,
ikapanda jukwaa la mbao bila kofia ngumu.
Nyundo moja ikanyamaza.
Nyingine.
Mtu akauliza kitu kwa Kikamba, juu, ghorofa ya tano,
na mwenzake akajibu kwa kicheko.

Kijiti cha mshikaki kikatoka na ute.
Dakika kumi tena.
Kikatoka kikavu. Huko ndiko kujua mbivu na mbichi.

Mkate ulikuwa umepasuka katikati
na kuinama upande ule wa jiko.
Nikaukata vipande, nikauacha nusu kwa ajili ya nyumba,
nusu nikaifunika kitambaa, nikashuka.

Musyimi alinawa kwenye pipa,
akajifuta kwa ndani ya shati,
halafu, mbele ya watu wake wote,
akalaza pimamaji juu ya mkate wangu.
Kipovu kikakimbilia pembeni.
"Umelala," akasema.
Akauma. Akatafuna muda mrefu,
macho yakitazama saruji ambayo bado haijakauka.
"Lakini msingi umekaa."

Ghorofa ya sita wanaimwaga Jumatatu.
Jua langu halirudi, na hilo sijalisamehe.
Mchanga nilitaka kumrudishia, ungali vuguvugu;
akakataa, akasema huo umeshazoea kazi nyingine.
Uko chini ya sinki, ndani ya debe la mafuta.
Jioni Nyaboke aliniita kutoka kibandani.
Ameniwekea ndizi saba.